Wegesa wa Buswahili na Dawa Iliyojua Njia

Kwa miaka kumi na minne Wegesa Ryoba aliwapikia wanafunzi wa shule moja ya sekondari wilayani Butiama, na katika miaka yote hiyo haikutokea hata siku moja kengele ya saa saba ikalia ugali ukiwa haujaiva. Alikuwa mwanamke wa mabega mapana, mwenye sauti iliyovuka uwanja wa mpira bila kuhitaji msaada. Alipewa jina la Wegesa kwa sababu alizaliwa watu wakiwa shambani wanavuna, naye alipenda kusema kwamba ndiyo maana hajui kukaa bure. Mumewe, Keraryo, alifuga ng'ombe wachache nyumbani kwao Buswahili. Mtoto wao wa pekee, Gloria, alifundisha shule ya msingi kule Nyamuswa.

Ugonjwa ulimwingia kwa mlango wa mzaha. Asubuhi moja akiwa amekaa anachambua maharage, mbali kabisa na moto, joto lilimpanda kutoka kifuani, likapita shingoni, likamjaa usoni kama mtu aliyefunua sufuria ya maji yanayochemka. Baada ya dakika tano likapotea. Wapishi wenzake wakacheka.

"Mama Gloria, hiyo ni umri. Umefika."

"Umri gani?" akawajibu. "Huo wa kwenu nilimalizaga zamani."

Lakini joto lilirudi kesho yake, na keshokutwa, na halikuja peke yake. Tumbo nalo likafunguka. Akawa anakwenda msalani mara tano, mara sita, siku nyingine mara nane. Zahanati ya kwanza ilimpa dawa ya amiba. Ya pili ikasema taifodi. Ya tatu ikasema vidonda vya tumbo. Kila mahali alipewa jina jipya la ugonjwa na vidonge vipya, na kila alipomaliza vidonge tumbo lilikuwa palepale. Mwili ukaanza kumwisha. Gauni alilolishona kwa ajili ya kipaimara cha Gloria likawa linaning'inia kama limeanikwa kwenye kamba. Watu wakaanza kunong'ona, akaenda kupima virusi mara tatu, na mara zote tatu majibu yalikuwa safi. Minong'ono haikukoma.

Kilichomuuma zaidi kilitoka ndani ya ukoo. Jumapili moja, baada ya ibada, joto lilimpanda akiwa amesimama mlangoni mwa kanisa, macho yakamwiva, akatafuta ukuta wa kuegemea. Matrida, dada wa Keraryo, alimsogelea mbele ya watu akamnusa mdomo.

"Wifi, unakunywa nini?"

Wegesa, ambaye hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe, alimpa kisogo. Alijitanda kanga yake, akashika njia ya nyumbani kwa miguu.

Miezi miwili baadaye wanafunzi kadhaa wa shule ile waliharisha. Haikuchukua siku mbili kabla ya macho yote kugeukia jikoni. Mkuu wa shule alimwita ofisini, akazungumza naye kwa upole, akimwita mama kila baada ya maneno matatu. Akamwambia apumzike. Wegesa hakubishana. Alipanda bodaboda siku ileile, akaenda maabara, akapima choo, akarudi na karatasi inayosema hana mdudu yeyote wa kuambukiza. Mkuu aliisoma karatasi, akaikunja, akamrudishia.

"Mama, nakuamini. Lakini wazazi hawataki."

Baadaye sana ilikuja kujulikana kwamba mzoga wa ndege ulikuwa umeozea ndani ya tangi la maji. Wakati huo Wegesa alikuwa amekwisha kuvua aproni.

Basi alikaa nyumbani, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo watu wa Buswahili hulisimulia hadi leo. Mtu mwingine angejilaza akangoja siku zake. Yeye aliomba daftari kwa Gloria akaanza kujichunguza. Mpishi wa watu wengi hujifunza kitu kimoja: wali ukiungua leo ni bahati mbaya, ukiungua siku tatu kuna sababu, na sababu hutafutwa. Akawa anaandika kwa herufi zake kubwa saa ambayo joto lilikuja, alikuwa anafanya nini, alikula nini, lilikaa muda gani, tumbo lilikwenda mara ngapi. Aliandika miezi mitatu bila kuruka siku. Akagundua kwamba jua halina kosa. Joto lilimpanda akila sana, akila pilipili, akinywa uji uliochachuka, na zaidi ya yote akikasirika.

Ijumaa Kuu ilipofika alifunga kama kila mwaka. Hakutia kitu kinywani tangu Alhamisi jioni isipokuwa maji. Tumbo lilikwenda mara tano vilevile. Jioni alikaa na kalamu mkononi, akaitazama ile namba, kisha akamwita mumewe.

"Baba Gloria, hiki si chakula."

"Una maana gani?"

"Sijala. Kama chakula ndicho kinachonichafua, leo kimetoka wapi? Kuna kitu ndani yangu kinachofanya hivi chenyewe."

Keraryo si mtu wa maneno mengi. Alichokoa udongo kwa fimbo yake. "Basi twende Musoma," akasema. "Twende na hilo daftari."

Kule Musoma walikutana na daktari kijana aitwaye Stellah. Chumba chake kilikuwa na foleni hadi nje, lakini alipofungua daftari lile aliacha kuandika. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akaruka hadi katikati. Alipofika Ijumaa Kuu akainua kichwa.

"Mama, hapa umeandika hukula chochote siku nzima?"

"Sikula."

"Na ukaharisha mara tano?"

"Mara tano. Nimeandika na saa."

"Nani alikufundisha kuandika hivi?"

"Hakuna. Nilitaka kujua."

Daktari Stellah hakumwambia ni nini. Alimlaza kitandani, akampaka ule utelezi wa baridi tumboni, akampima kwa ultrasaundi. Alikipitisha kile kifaa juu ya ini mara nyingi kuliko ilivyo kawaida. Kwenye ini palikuwa na madoa, zaidi ya sita. Akamwandikia rufaa ya kwenda Mwanza, ambako walimtoa kinyama kidogo kwa sindano ndefu, na baada ya wiki nyingi za kungoja majibu yakarudi Musoma.

"Nitakwambia kama dada yangu," Stellah alisema siku hiyo, na Keraryo akiwa amekaa pembeni. "Ni saratani. Subiri, nisikilize mpaka mwisho. Ilianzia kwenye utumbo mdogo, ikahamia kwenye ini. Si ile inayokimbia. Hii inatembea polepole, na inapotembea inamwaga homoni kwenye damu. Hizo homoni ndizo zinazokupandisha joto, ndizo zinazokuharisha. Si pombe, si amiba, si umri."

"Inakatwa?" Wegesa aliuliza.

"Kwenye ini imetawanyika, haikatiki yote. Lakini seli za uvimbe kama huu zina vitu juu ya ngozi yake vinavyoitwa vipokezi. Kuna dawa, kipande kidogo sana cha protini, wataalamu wanakiita peptaidi, ambacho kinajua kuvitafuta vipokezi hivyo na kuvishika. Ukikifunga na mionzi kidogo, kinakwenda nayo hadi pale. Mionzi ya aina moja inatuonyesha uvimbe ulipo. Ya aina nyingine inauchoma."

Ndipo Keraryo akakohoa. "Daktari, ni kama ng'ombe. Mchana wanachanganyika malishoni, wa kwangu na wa jirani. Jioni hakuna anayewagawa. Kila mmoja anaingia boma lake."

Stellah alimtazama yule mzee kwa mshangao. "Ndivyo hivyo, baba. Sijapata kueleza vizuri kuliko hapo."

Tiba yenyewe haikuwapo Mara wala Mwanza. Ilipatikana Dar es Salaam, katika hospitali iliyokuwa ikipokea wagonjwa wachache kwa ajili ya utafiti, na ilimchukua Stellah barua nyingi na simu nyingi hadi jina la Wegesa likaingia kwenye orodha. Tangu hapo alianza kuchomwa sindano ya kila mwezi ya kupunguza zile homoni, akapata nafuu kiasi cha kuweza kusafiri. Ukoo ukatoa fahali mmoja auzwe kwa ajili ya nauli. Matrida alileta mbuzi wawili, akawafunga mtini, akaondoka bila kuingia ndani.

Kule Dar, siku ya kipimo cha kuonyesha uvimbe ulipo, wagonjwa waliambiwa wafike saa moja kamili asubuhi, wasichelewe hata kidogo, kwa sababu dawa ile hutengenezwa asubuhi hiyohiyo na nguvu yake hupungua kwa nusu kila saa moja na dakika chache. Wegesa alifika saa kumi na mbili. Aliyempokea alikuwa mtaalamu wa mionzi aitwaye Fredi, mtu wa makamo mwenye miwani. Aliposikia salamu yake tu akatabasamu.

"Mama, wewe ni wa Mara."

"Nani kakwambia?"

"Mimi nimezaliwa Bunda, Nyasura. Hiyo sauti naijua."

"Basi, mura, kijana wa kwetu, niko nyumbani," akasema Wegesa, na kwa mara ya kwanza tangu afike mabega yake yakashuka.

Fredi alimchoma sindano ndogo mkononi, akamwacha apumzike kwa saa nzima chumbani peke yake, kisha akamlaza kwenye mashine iliyomwingiza na kumtoa taratibu, bila maumivu yoyote. Ilipokwisha, wagonjwa wengine waliokuwapo walivaa viatu vyao. Wegesa aligoma kuondoka.

"Nataka kuona."

"Daktari ndiye atakayekuelezea majibu, mama."

"Majibu atanielezea. Mimi nataka kuona."

Fredi alisita, akaenda kumwita daktari, na daktari akakubali. Wakamkalisha mbele ya kompyuta. Pale palikuwa na umbo la mtu, jeusi na la kijivu, na umbo hilo lilikuwa yeye. Ndani ya ini lake paling'aa madoa saba, makali kama makaa yaliyopulizwa. Chini yake, tumboni, doa moja dogo lilikuwa peke yake.

"Hapo ndipo ilipoanzia," daktari alisema akilionyesha. "Wengi hatulionagi kwa mashine za kawaida. Na haya saba ndiyo yaliyohamia."

"Na haya mawili makubwa, huku mgongoni?"

"Hizo ni figo. Zinang'aa kwa sababu dawa inapita hapo ikitoka. Ndiyo maana siku ya tiba utawekewa dripu ya kuzilinda."

Wegesa aliendelea kutazama. Daktari, aliyezoea kuona watu wakivunjika moyo mbele ya picha kama ile, akaanza kutafuta maneno ya kumfariji. Lakini machozi ya Wegesa hayakuwa ya hofu.

"Basi sikuwa muongo," alisema. "Miaka minne, kumbe sikuwa muongo."

Daktari akamweleza kwamba kung'aa kule ni habari njema kwa namna yake: palipong'aa dawa imeshika, na dawa ya kuchoma nayo itashika palepale. Uvimbe ambao haung'ai haufai kwa tiba hii.

Dawa ya kwanza ya kuchoma aliipata mwezi uliofuata. Aliwekwa chumba cha peke yake chenye kuta nene, dripu ikamshuka saa nyingi, ikamtia kichefuchefu hadi akatapika mara mbili. Dawa yenyewe iliingia kimya kama maji. Alipewa masharti: anywe maji mengi, ajisaidie akiwa ameketi, avute maji ya choo mara mbili, na asikae karibu na watoto wadogo wala wajawazito kwa wiki mbili. Aliyarudia masharti hayo kwa nesi, neno kwa neno, kama alivyozoea kurudia vipimo vya unga. Hakupanda basi hadi siku waliyomruhusu.

Zilipangwa dozi nne, kila moja baada ya wiki nane. Dozi ya kwanza alirudi amechoka, akalala siku kumi. Kisha tumbo likaanza kutulia. Mara sita zikawa nne.

Mtihani mkubwa ulikuja na dozi ya pili. Siku ya tatu baada ya kuipata, akiwa bado Dar, simu ilipigwa kutoka Bunda, alikokuwa Gloria akingojea kujifungua: amejifungua salama, mtoto wa kike, jina lake Robi. Na kama ilivyo desturi, Gloria alirudi kwa mama yake Buswahili ili akandwe na kulishwa. Wegesa alipofika nyumbani siku ya nane, alikuta moshi jikoni, nepi zimeanikwa, na sauti ndogo ya mtoto ikilia ndani. Alisimama kwenye mlango wa ua, mzigo begani.

"Mama, ingia!" Gloria aliita.

"Siingii. Nitalala kule kwenye nyumba ya baba yako ya zamani. Mtoeni mtoto mlangoni nimwone kwa mbali."

Wakamtoa. Wegesa alimtazama mjukuu wake kwa hatua zipatazo ishirini, mikono akiwa ameifunga kifuani kana kwamba itamtoroka. Majirani waliokuja kumpongeza mzazi hawakuelewa. Mmoja akasema anamkataa mtoto kwa sababu ni wa kike. Mwingine akasema ana siri.

Sasa mzazi hakuwa na wa kumkanda. Jioni hiyo Matrida alifika, akajitwisha ndoo ya maji ya moto bila kuombwa. Alipomaliza kazi alitoka hadi katikati ya ua, akasimama akitazama nyumba ya pili, ambako Wegesa alikuwa amekaa kizingitini.

"Wifi," akaita. "Wanasema unawaka kama taa. Ni kweli?"

"Siwaki. Hata mimi mwenyewe sijioni. Ni mionzi, ipo ndani, inapungua kila siku. Kwa mtu mzima akipita hapa si neno. Kwa mtoto sitaki kujaribu."

Matrida alikaa chini palepale uani. "Siku ile kanisani," akaanza.

"Acha."

"Siachi. Nilikunusa mdomo mbele za watu. Nikijiambia namwokoa kaka yangu. Nilikukosea."

"Ulinikosea," Wegesa alisema. "Tena sana. Lakini leo umemkanda mtoto wangu, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Kesho uje tena."

Matrida alikuja kesho yake, na keshokutwa, siku zote zilizobaki. Mchana, wanawake walipofika kumwona mzazi, yeye ndiye aliyewakaribisha na kuwaeleza kwa nini bibi wa mtoto anakaa mbali, na aliyetaka kucheka alikutana na ulimi wake. Siku ya kumi na tano ilipofika, Wegesa alioga alfajiri, akavaa kitenge kipya, akavuka ua. Alimpokea Robi mikononi, akamwekea kidevu chake kichwani, akakaa hivyo hadi maziwa ya mama yakahitajika.

Alipata dozi ya tatu, na ya nne. Walipompiga picha tena, madoa saba ya ini yalikuwa yamebaki matano, na lile kubwa kuliko yote lilikuwa limepungua hadi nusu. Tumbo lilikuwa linakwenda mara mbili kwa siku. Joto lilimtembelea mara moja moja tu. Daktari wa Dar hakumdanganya.

"Sijasema umepona, mama. Nimesema imelala. Inaweza kulala miaka, inaweza kuamka, na ikiamka tutazungumza tena."

"Nimekuelewa," alisema Wegesa. "Ilipokuwa macho niliishi nayo. Ikilala itanishinda?"

Mwaka uliopita Daktari Stellah aliandaa semina pale Musoma kwa waganga na wauguzi wa zahanati, akamwomba Wegesa aje kueleza alivyougua. Alisimama mbele ya watu thelathini bila karatasi, akaeleza yote, hata mambo ya msalani ambayo wengi huyasema kwa kuzungukazunguka. Alipomaliza, mganga mmoja wa makamo aitwaye Samwel alisimama nyuma ya ukumbi. Wegesa alimtambua mara moja.

"Mama, mimi ndiye niliyekupa dawa ya amiba," Samwel alisema. "Mara nne. Sikukuuliza zaidi. Naomba unisamehe."

Wegesa alimtazama kwa utulivu.

"Baba, hukunitupa. Ulinitibu ugonjwa uliokuwa unaujua, na huu haukuwa unaujua. Mimi pia sikuwaga naujua. Sasa tunaujua wote wawili. Kaa, baba."

Samwel akakaa. Wiki ile ile alimpigia Stellah simu kuhusu mama mmoja wa kijijini kwake ambaye tumbo lake lilikuwa halisikii dawa kwa mwaka wa pili. Hakuwa na ugonjwa ule. Alikuwa na mwingine, nao ukatibiwa.

Shule ilimwita Wegesa arudi. Mkuu mpya alikuja mwenyewe hadi Buswahili kumwomba, naye akakubali kwa siku tatu kwa wiki, kuwasimamia wapishi vijana. Mwiko wenyewe hausukumi tena kama zamani, mikono inachoka mapema. Kila mwezi anakwenda Musoma kuchomwa sindano yake, na akitoka pale hupita soko la samaki la Mwigobero kununua sato wa kumpelekea Matrida, ambaye siku hizi magoti yanamsumbua.